Keki ya Maziwa Matatu Inaweza Kubeba Mangapi?
Ndugu, umeuliza kama keki ya maziwa matatu, ile inayopendwa katika Amerika ya Kilatini, inaweza kugeuzwa kuwa ya maziwa kumi. Karatasini inawezekana, taabu ni kwamba keki nayo hushiba. Ile ya asili hulowekwa katika maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji, maziwa mazito yenye sukari na krimu, nayo huyastahimili kwa sababu imejaa hewa ya mayai yaliyopigwa hadi yakaumuka. Ukiongeza ya mbuzi, zizi litanukia kwa mbali. Ya nyati-maji yatakolea zaidi, kwani mafuta yake hufikia asilimia 7 au 8, karibu maradufu ya yale ya ng'ombe. Mtindi usiutie mchanganyiko ukiwa bado wa moto, la sivyo asidi yake itayakatisha mengine yote, nawe utawaandalia wageni mabonge yanayoelea. Ya nyangumi, yenye mafuta ya asilimia 30 hadi 50, yangemaliza mjadala, lakini sijui nani atamshikia ndoo. Tui la nazi nalikataa: lugha yenyewe imekwisha kulitenga na maziwa. Mimi ningekomea matano, katika bakuli lenye kingo ndefu.