Maswali ya Wasomaji: Arosto ya Dawa za Maumivu

SWALI: Nilivunjika paja kwenye ajali, nikaandikiwa tramadoli, kapsuli moja ya miligramu 50 asubuhi na jioni. Mfupa ulishaunga, lakini sasa nameza sita kwa siku, nanunua mwenyewe. Nikiacha, siku ya pili napiga miayo mfululizo, kamasi zatiririka, nahara, na usiku miguu haitulii. Nimepima malaria mara mbili, hamna. Nifanyeje?
Mwendeshaji boda, Kondele, Kisumu

JIBU: Hiyo ni arosto, ndugu, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, si malaria. Jitazame kwenye kioo: mboni za macho zikiwa pana hata mbele ya mwanga, na vinyweleo vya mikono vimesimama huku jua la Kisumu linawaka, huna haja ya kipimo cha tatu.

Tramadoli hukaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo mofini, dawa kali ya maumivu, hukaa, na papo hapo huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe kwenye ubongo. Ndiyo maana ukiikata ghafla unaumia mara mbili. Kwanza mwili, mithili ya homa ya mafua na tumbo la kuhara. Kisha baadhi ya watu hupata hofu kali isiyo na sababu, mikono kuchomachoma, hata kuona visivyokuwepo, na hapo majirani huanza kusema amerogwa. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 48, hukaza siku ya pili hadi ya nne, na makali hupoa ndani ya siku kumi hivi. Usingizi ndio huchelewa kurudi.

Kwa hivyo usikate, shuka. Nenda kwa daktari na umwambie sita, si mbili zilizoandikwa kwenye cheti, maana mpango wote hupigwa kutoka hesabu hiyo. Mfano wa mpango ni huu: sita ni miligramu 300, yaani mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Wiki mbili za kwanza unatoa moja ya mchana. Wiki mbili nyingine unatoa ya mchana iliyobaki. Halafu moja ya asubuhi, na kuendelea, ya usiku ikiwa ya mwisho kuondoka. Meza kwa saa, si kwa maumivu. Pakiti ishikwe na mtu wa nyumbani, akupe za siku moja tu. Hatua ikikulemea, kaa hapohapo wiki nyingine, lakini usipande tena.

Wengi huangukia mwishoni. Kutoka sita hadi tano unapoteza sehemu moja ya sita. Kutoka mbili hadi moja unapoteza nusu nzima. Hapo mwombe daktari muda mrefu zaidi au dawa ya kipimo kidogo. Na kama zako ni za kuyeyuka polepole, usizisage: dozi ya nusu siku itaingia kwa mkupuo.

Kuhara kutakuchosha kuliko maumivu. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, unywe kidogo kidogo kutwa. Parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Miguu iloweke kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kulala. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Paja likiuma upya siku hizo, mara nyingi ni mishipa ya fahamu inayolalamika. Mfupa haujavunjika tena.

Usijaze pengo kwa chang'aa wala vidonge vya usingizi vya kuazima: vikikutana na tramadoli, pumzi huweza kusimama. Amitriptilini nayo, ambayo wengi hupewa kwa usingizi, huongeza hatari ya kifafa ikichanganywa na tramadoli. Daktari ajue kama unaitumia. Ukipata kifafa, ukitapika hata maji, ukichanganyikiwa au ukiwaza kujiua, usingoje asubuhi. Pale Kisumu kimbilia Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

SWALI: Mume wangu ameacha wiki tatu sasa. Mgongo ukimuuma sana, anaweza kumeza dozi yake ya zamani mara moja tu?
Mke, Kaptembwa, Nakuru

JIBU: La, dada. Mwili wake umeshasahau kiasi kile, na dozi aliyoizoea mwezi uliopita sasa inaweza kumkatia pumzi usingizini. Ukimkuta anakoroma kwa kukwama, midomo ya samawati, mboni ndogo kama ncha ya kalamu na haamki, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Kuna sindano ya naloksoni, inayoondoa nguvu ya dawa hizi na kurudisha pumzi. Mgongo ukatibiwe kwa njia nyingine, ikiwemo mazoezi ya viungo.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano na natumia kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kila siku. Niache leo?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Usiache leo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Waeleze kliniki ya wajawazito wiki hii, wakupange wao. Siku ya kujifungua, mkunga ajue pia, ili mtoto aangaliwe siku kadhaa: akilia bila kunyamaza, akitetemeka au akishindwa kunyonya, atahitaji matibabu wodini kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani.