Jibu: Samaki wa dimbwi kufa siku ya tatu

Ndugu yangu, umesema samaki uliowazoa dimbwini kule Kwale walikufa siku ya tatu, na maji ulikuwa ukiyabadilisha yote kila asubuhi. Hapo ndipo ulipowamaliza. Maji ya mfereji yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo huwadhuru samaki. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, kisha badilisha robo tu. Ya visima vya hapa kisiwani mengi yana chumvi, achana nayo. Sponji ya chujio isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, maana bakteria wanaokula amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki) wanakaa humo, na huchukua wiki kadhaa kujijenga.

Kama ni wale wadogo, dume limekolea rangi na jike ni la kijivujivu tu, huenda ni Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka hufa wote, mayai yakabaki kwenye tope yakingoja mvua. Kwa hiyo hata uwatunze kama mboni ya jicho, umri wao ni miezi tu. Chakula kikavu, wangu walikitazama mpaka kikazama. Nilipowapa viluwiluwi vya mbu, walivirukia. (Ndoo ya viluwiluwi ifunike! Mimi nilishitakiwa kwa mtaa mzima.)

Kambale usimlete. Anakua, anaruka nje usiku, na wenzake anawameza.