Kabla Hujalipa Karo ya Urubani

Wadogo zangu mnaoniuliza kama ni heri chuo chenye shahada na urubani pamoja au kwenda moja kwa moja kwenye shule za urubani za uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi: mimi nilipitia Wilson, basi mnajua naegemea wapi.

Anzeni kwa daktari. Leseni ya rubani wa biashara inataka cheti cha afya cha daraja la kwanza, na kuna watu huuza shamba kwanza, wakapimwa macho baadaye.

Wengi mnavutwa na habari za Marekani. Kule, shahada ya chuo kilichoidhinishwa inaweza kushusha saa za kuruka anazodaiwa rubani wa shirika la abiria kutoka 1,500 hadi 1,000. Hiyo ni sheria yao. Hapa Kenya leseni inatoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na shahada yako haitakurukia hata saa moja. Ina faida yake, sikatai: siku daktari akikunyima cheti, una kazi nyingine ya kufanya.

Pesa zenyewe zinaliwa na mita ya ndege, ile inayohesabu saa unazolipia. Ndege nyingi za mafunzo huhesabu tangu injini iwake, si tangu magurudumu yaache lami. Asubuhi Wilson kuna foleni ya ndege za watalii wanaokwenda Maasai Mara. Nimewahi kukaa nyuma ya tatu, nimekanyaga breki, nikitazama tarakimu ya mwisho ikigeuka. Kila ikigeuka, dakika sita zimekwenda. Ukikwepa foleni uje saa nane mchana, joto limepanda, na uwanja uko futi 5,500 na ushei juu ya bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi. Cessna ndogo yenye watu wawili na mafuta tele inapanda ikihema.

Kosa langu lilikuwa kulipa kifurushi chote mara moja kwa ajili ya punguzo. Shule ilikuwa na ndege mbili; moja ikangojea kipuri miezi mitatu, nyingine tukaigombania. Niliporudi hewani, kutua nilifundishwa upya, kwa pesa yangu.

Kwa hiyo lipeni kidogo kidogo. Chuo kiulizeni ndege ni zake au hukodi. Kisha nendeni Jumanne moja bila miadi, mhesabu ndege zinazoruka, zilizofunikwa turubai ziacheni. Mtafuteni mwanafunzi, si dada wa mapokezi, mumuulize aliruka lini mara ya mwisho.