Kabla ya dripu ya kwanza, nunueni kipimajoto

Mdogo wangu, umeuliza mama yako ajiandae vipi, kwa kuwa Jumatatu anaanza tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, baada ya kuondolewa titi la kushoto lililokuwa na saratani. Poleni sana. Nami nilipita njia hiyo hapa Dar es Salaam: upasuaji, dozi nane za dripu kila baada ya siku 21, kisha mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, na sasa niko mwaka wa tatu wa vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni isiikuze saratani. Naeleza yaliyonipata mimi. Kuhusu dawa atakazopewa mama, wa kuulizwa ni daktari wake.

Hofu yangu yote niliiweka kwenye siku ya dripu. Nesi alipokuja na dawa nyekundu, ile iitwayo doksorubisini, nilifumba macho nikasoma dua, kumbe saa zile za kiti zilikuwa nyepesi. Akipewa dawa hiyo, mkojo utatoka mwekundu kwa siku moja au mbili, asidhani ni damu. Akihisi mkono unawaka pale palipochomwa sindano, aseme papo hapo, asinyamaze kwa kuwaonea haya manesi, kwani ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kama alitolewa na tezi za kwapani, akumbushe achomwe mkono wa kulia.

Jambo lililokaribia kunitoa roho lilinikuta nyumbani. Siku ya kumi baada ya dozi ya pili niliamka usiku nikitetemeka hadi kitanda kikalia. Nikajiambia ni malaria, nikameza panadoli, homa ikashuka, nikalala. Alfajiri mume wangu alinikuta naweweseka, simtambui. Zahanati ya kwanza tuliyofika ilituweka kwenye foleni kama wagonjwa wengine wa homa, na hatukujua la kuwaambia. Nililazwa siku sita nikichomwa antibaotiki. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba dawa hizi huumiza pia uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe nyeupe za damu, na kwamba takriban kati ya siku ya 7 na ya 14 kinga huwa chini kabisa, kiasi kwamba maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache.

Kwa hiyo, kabla ya wigi na kabla ya kilemba kipya, nunueni kipimajoto. Changu kilikaa ndani ya kikombe kando ya mto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, wala asimeze kwanza kitu cha kuificha homa. Sentensi ya kwanza mapokezi iwe hii: "Mgonjwa yuko kwenye tibakemia, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Tarehe hizo ziandikwe kwenye daftari, pamoja na majina ya dawa, idadi ya chembe nyeupe kila anapopimwa, na majibu ya kile kinyama cha uvimbe kilichopimwa maabara, kuhusu vipokezi vya homoni na HER2 (alama za seli za saratani zinazoonyesha dawa zipi zitafaa), maana kila daktari mpya atayauliza.

Nywele zangu zilibaki kwenye ushungi siku ya 17, baada ya swala ya alfajiri. Nililia siku moja, basi.

Chakula kilinisumbua zaidi. Siku nne za mwanzo sikustahimili harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na shangazi yangu, Mungu amlipe, alihamishia jiko lake la mkaa kwa jirani akawa ananiletea uji mwepesi wa ulezi uliopoa. Mtafutieni mama mtu wa namna hiyo, wa kulala naye chumba kimoja. Watakuja pia wenye mizizi na unga wa mlonge. Pokeeni kwa adabu, mwandike daftarini, na asitumie chochote kabla daktari hajaulizwa, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo hugongana na dawa.

Jumapili mpimeni joto akiwa mzima, mjue la kwake la kawaida ni ngapi, na hiyo ndiyo iwe namba ya kwanza daftarini.