Tulisali Zaburi ya 91, Lakini Mume Wangu Hakurudi

SWALI: Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mjane, naishi karibu na mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, na kila jioni kabla hajashuka ziwani tulisoma pamoja Zaburi ya 91. Mwaka jana upepo mkali uliwakuta usiku, mtumbwi wao ukapinduka, naye hakurudi. Baadhi ya washirika wenzangu wameniambia kwamba imani yetu ilikuwa ndogo. Sasa kijana wangu wa kwanza ameshika nafasi ya baba yake, na kila ninapoona taa za wavuvi zikiwaka ziwani, Zaburi ile inanishinda kuitamka. Je, ahadi ile ilikuwa ya watu wengine? Nimwombeeje mwanangu?
Mama Mjane, Kigoma

JIBU: Pole sana, Mama, kwa msiba huu na kwa maneno uliyoongezewa juu yake. Nianze na hayo maneno, kwa sababu si ya kweli. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba alivunjikiwa jahazi mara tatu, na kwamba aliwahi kukaa kilindini usiku na mchana, wala hakuna anayethubutu kusema kwamba Paulo alipungukiwa imani. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya vema siku zile saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kumtafutia kosa lililomletea mateso, waliishia kukemewa na Mungu mwenyewe.

Sasa tuitazame Zaburi ya 91. Watu wengi tunashika mistari inayosema kwamba mabaya hayatakupata, tukaupita mstari wa 15, ambapo Mungu anasema juu ya mtu huyo huyo anayemtumaini: “Nitakuwa pamoja naye taabuni.” Asingesema hivyo kama mtu huyo hakutazamiwa kufikwa na taabu kabisa. Tena Zaburi hii ndiyo Shetani aliyoitumia alipomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, akidai kwamba malaika wangemdaka. Yesu alikataa kuigeuza ahadi ya Baba yake kuwa kitu cha kumjaribia, na yeye, aliyestahili ulinzi kuliko sisi sote, baadaye alikufa msalabani. Kwa hiyo ahadi ile ni yako na ilikuwa ya mume wako, ila haikuwa ahadi kwamba hakuna mwamini atakayezama.

Utauliza kwa nini mtumbwi wa jirani ulirudi na wa kwenu haukurudi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 12, Herode alimwua Yakobo kwa upanga, kisha Petro akatolewa gerezani na malaika, na wote wawili walikuwa mitume wa Bwana mmoja. Maandiko hayatoi sababu ya tofauti hiyo, nami sitaitunga. Ninachokuambia bila kusita ni kwamba Yakobo hakuachwa, na mume wako hakuachwa. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takribani mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lakini Zaburi ya 139 inakiri kwamba hata mtu akikaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wa Mungu utamshika. Ulinzi ambao mauti hayawezi kuuvunja ndio huo, na Paulo anauthibitisha katika Warumi 8 anapoyataja mauti kwanza kabisa miongoni mwa mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Mungu.

Kama Zaburi ya 91 bado ni nzito mdomoni, usijilazimishe. Soma ya 88, ambayo ni kilio kuanzia mwanzo hadi mwisho na haimalizii kwa shukrani, na bado imo ndani ya Biblia kama sala halali. Mungu aliyekubali iandikwe hatachukizwa na machozi yako.

Kuhusu kijana wako, soma Matendo sura ya 27. Merikebu ilikuwa na watu 276, na Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alisema wazi kwamba wasipobaki merikebuni wengine hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikufuta kazi ya mabaharia. Basi mwombee mwanao kwa jina lake kila jioni, kisha mwulize kama amesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa miezi ya kiangazi ambapo pepo za kusini huchafua ziwa, na kama amevaa jaketi okozi badala ya kulilaza chini ya nyavu. Siku ya upepo akiamua kubaki nchi kavu, asionekane mwoga wala asiye na imani.

Na ikiwa jaketi hilo hana, waambie wazee wa kanisa lako. Yakobo 1:27 inawataka wawatazame wajane katika dhiki yao, na kumnunulia mwanao jaketi ni sehemu ya wajibu huo.