Barua kwa mwanangu: sare ya yule askari

Mwanangu,

Umeniuliza kama de Gaulle, yule jenerali wa Ufaransa, alikuwa muasi au mzalendo, maana profesa wenu huko Lubumbashi anasema aliikaidi serikali yake. Kweli aliikaidi. Tarehe 17 Juni 1940 Pétain, mkuu wa serikali, aliwatangazia Wafaransa waache kupigana na Wajerumani. Kesho yake de Gaulle akasimama redioni London akasema vita havijaisha. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Na Pétain aliwahi kuwa mkubwa wake jeshini! Zamu yake ya kuhukumiwa kifo ilipofika, 1945, de Gaulle alimpunguzia ikawa kifungo cha maisha.

Lakini mimi nikisikia habari za majenerali, namkumbuka askari mmoja tu. Mwezi wa sita 2004, Bukavu ilipotekwa na waasi, ulikuwa ungali unabebwa mgongoni. Wakubwa wake walikwisha kupanda magari. Alibisha mlango wa jikoni, akaomba nguo za raia. Nilimpa suruali yangu ya kahawia, ile ya kanisani. Akaikunja sare yake taratibu, mikono ndani, kola juu, akamkabidhi mama yako: "Mama, munichungie hii. Nitarudi kuichukua."

Usiku ule niliichoma. Waasi walikuwa wakipekua nyumba kwa nyumba, nanyi mmelala chini ya kitanda. Ningefanya nini? Lakini ningeweza kuifukia chini ya migomba. Jembe lilikuwa pale pale mlangoni.

Hazikupita wiki mbili, mji ukarudi mikononi mwa serikali, naye akaja na suruali yangu imefuliwa, imepigwa pasi. Nikamwambia. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama vifungo navyo viliungua.

Nasema siku zote: nchi si mtu. De Gaulle aliiona Ufaransa kama imo ndani yake, na hilo linanitisha, maana sisi tulikaa miaka 32 chini ya Mobutu aliyejiona hivyo hivyo. Ila Januari 1946 de Gaulle aliacha madaraka bila kutolewa kwa bunduki. Utasema alirudi 1958. Najua. Nchi si mtu, hata mtu huyo awe jasiri namna gani.

Basi, muasi au mzalendo? Jibu linaniwasha ulimini, lakini niache kwanza. Yule askari alitukabidhi sare yake, nami nikaichoma. Nikipita Camp Saio, kambi ya jeshi hapa Bukavu, bado naitafuta sura yake pale langoni.

Papa yako