Nusu saa ya unga kupumzika

Swali lenu la wiki hii mmeuliza asubuhi mtu anaanza na nini kabla kazi haijamshika, na kinamsaidia vipi. Mimi naanza na kunyamaza mbele za Mungu. Niwaeleze vizuri maana ukisema maombi huku Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu wanafikiria spika na sauti kubwa, na sisemi hiyo ni mbaya, kesha mimi mwenyewe naenda na naimba mpaka koo linakauka, lakini ya asubuhi ni kitu kingine kabisa.

Kazi yangu ni chai na chapati, huku upande wa Uganda, karibu na matrela yanayotoka Mombasa. Madereva wanataka chai saa kumi na mbili, kwa hiyo saa kumi na nusu niko macho. Nawasha sigiri, nakanda unga, na anayepika chapati anajua ukishakanda huwezi kusukuma hapo hapo, unavuta unarudi, unavuta unarudi, lazima uufunike uulaze kama nusu saa ndio ulainike. Hiyo nusu saa ndiyo yangu na Mungu. Zamani nilikuwa naimalizia kwenye simu, WhatsApp ya kanisa, WhatsApp ya kikundi cha akiba, mara mtu katuma picha za ajali, saa kumi na mbili inanikuta nimeshachoka na moyo umechafuka na sijauza hata chapati moja.

Hii tabia nimeitoa kwa mama. Baba alikuwa mwanajeshi, tumekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ndio lugha ya nyumbani kwetu. Chumba kimoja, watoto sita. Sasa Yesu alisema ukitaka kusali uingie chumba chako cha ndani ufunge mlango, na sisi hicho chumba cha ndani tungekitoa wapi? Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda pale mlangoni, anashusha leso kutoka kichwani mpaka inafunika uso, na sisi wote hata yule mdogo tulijua leso ikiwa chini mama haitwi. Leso ndiyo ilikuwa mlango wake.

Alikuwa wa Church of Uganda, kile kitabu cha sala cha Waanglikana alikuwa nacho kichwani. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba Sala ya Asubuhi mle ndani ina dua mbili zinazosemwa kila siku bila kubadilika, moja ya kuomba amani na nyingine ya kuomba neema, kwamba Mungu aliyetufikisha salama mwanzo wa siku hii atulinde na ayaongoze matendo yetu yote. Amani na kuongozwa, basi. Kitabu hicho ni cha 1662 na mpaka leo mtu anayeamka na deni na mtoto mgonjwa akiulizwa anataka nini, ni hayo hayo mawili.

Mimi naanza na Zaburi 143, pale panaposema "Unijulishe njia nitakayoiendea", naisema polepole mara moja, halafu nanyamaza. Sitoi orodha. Orodha ya shida Mungu anaijua na mimi nikianza kuitaja naishia kupiga hesabu ya kodi ya nyumba. Nakaa tu. Mawazo yanakuja, ya makaa, ya mafuta ya kupikia, naacha yapite narudi kwenye lile neno.

Sasa kuongozwa kwenyewe kukoje. Mimi sijawahi kusikia sauti, labda wengine wanasikia. Kwangu inakuja kama kitu kimoja kinachokataa kuondoka. Mwaka 2020 mnakumbuka shule zilivyofungwa mwezi wa tatu, tukadhani ni wiki chache, kumbe hazikufunguka kwa wote mpaka Januari 2022. Hapa mpakani madereva walikuwa wanapimwa korona, malori yamepanga foleni kilomita na kilomita, watu wanawaogopa madereva na hata sisi tunaowauzia chai wanatuogopa. Binti yangu alikuwa na miaka 15, yuko tu nyumbani. Usiku mmoja nikamgombeza sana kwa kuchelewa kisimani. Asubuhi nikakaa na leso yangu, nataka kuomba juu ya pesa, haikuwezekana, kila nikianza nakumbuka kwamba wiki nzima sijamwambia huyu mtoto neno ambalo si amri au ugomvi. Nikamwamsha, nikamwambia njoo ukae na mama. Akakaa, hakusema kitu. Kesho yake tena, kimya. Siku ya tatu akasema, mama, kuna mtu wa boda ananipa hela.

Wiki moja nyuma ningeshika fimbo. Lakini asubuhi ile moyo ulikuwa umepoa, sijui niseme vipi, hofu ilikuwepo na amani ilikuwepo vyote pamoja. Nikamuuliza polepole, akanieleza yote. Mchana nikaenda na kaka yangu kwa yule mtu, tukapita na kwa mwenyekiti wa mtaa, ikaishia hapo. Mwanangu alirudi darasani. Kuna wenzake mtaani hawakurudi, walishazaa, na mama zao nawajua ni watu wa maombi kunipita mimi, kwa hiyo msinisikie nikisema Mungu alinipenda zaidi. Siwezi kusema hivyo.

Na kuna nilichoomba sikujibiwa. Ndugu yangu alinitaka nihamie Kampala tushirikiane kibanda sokoni Nakawa. Nimeomba miezi miwili kila asubuhi, hakuna kitu, si ndiyo si hapana. Nikabaki Malaba. Mtumishi mmoja aliniambia kutosikia ni imani ndogo, na mimi sikubaliani naye kabisa, maana Zaburi ya 5 inasema asubuhi nitakupangia dua yangu na kutazamia, na anayetazamia si bado hajaona? Kukaa pale bila jibu nako ni kuomba.

Mama mwenye mtoto mchanga atasema nusu saa ataitoa wapi. Chukua dakika tano ukinyonyesha, inatosha, simu tu iwe mbali.

Yangu naiacha kule kwenye mfuko wa unga. Binti sasa yuko Mbale anasomea uuguzi, na saa kumi na moja ananibipu mara moja, hatuongei, namjibu kwa kumbipu na mimi, halafu nashusha leso.